Ibebe Moja, Usinibebee Mbili

(Wengi mmeniomba niiandike ile hotuba ya Jumamosi kuhusu mikono ya roboti na vitambaa. Basi hii hapa, nimeiandika vile nilivyoongea, na vurugu zake zote.)

Asalaam aleikum, hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana huko mlangoni, ingieni ndani bwana viti viko na feni inafika mpaka huku mbele.

Nimeombwa niongee kuhusu ile sehemu ya mwisho kabisa ya roboti, ile inayogusa kitu, sisi mafundi twaiita gripa. Na sio gripa ya kushika chuma wala chupa ya soda, hiyo ilishakuwa kazi ya kawaida zamani. Naongelea gripa ya kushika vitu vyembamba vinavyolegea, kitambaa, karatasi, nailoni, vitu ambavyo mtoto wa miaka mitatu anavishika bila kufikiri na mashine ya mamilioni inatoka jasho.

Ukiwa kwa feri ya Likoni hapa Mombasa ukageuza shingo upande wa Kilindini wayaona yale makreni ya bandari. Kontena ikijaa inaweza kufika tani 30 na kreni inaibeba kama mchezo, meli moja makontena maelfu, usiku na mchana. Kwa nini ni rahisi? Manake kontena ilitengenezwa ili ishikwe. Pembe zake zina matundu ya kipimo kimoja dunia nzima, ukiwa Shanghai, ukiwa Rotterdam, ukiwa hapa, kreni inashusha ile fremu yake, kufuli nne zinaingia kwa matundu manne ya juu, zinajizungusha, kwisha maneno. Aliyebuni kontena alimfikiria mshikaji kabla hajafikiria mzigo. Sasa nipe leso. Doti nzima haifiki hata nusu kilo, lakini haina tundu, haina pembe ngumu, ukiigusa hapa inajikunja kule, ukiinua inabadilika umbo, ukiirudisha chini hairudi vile ilivyokuwa. Kamera imeiona sasa hivi na sekunde moja baadaye kamera hiyo hiyo inaangalia kitu kingine kabisa.

Na msidhani ni sisi huku ndio twababaika, hata wakubwa wamebabaika. Mwaka 2010 pale chuo kikuu cha Berkeley kule California walichukua roboti inaitwa PR2, ina mikono miwili na kamera kichwani, wakaipa rundo la taulo ikunje. Ikakunja, tena vizuri tu, lakini taulo moja ilikuwa inakula kama dakika 25. Dakika ishirini na tano mama yangu! Umeshafua, umeanika, umepika na chai umekunywa. Miaka 12 baadaye, 2022, Berkeley hao hao na wenzao wakatoa mfumo mwingine unaokunja nguo 30 mpaka 40 kwa saa moja, na hiyo ikawa ni rekodi ya kupigiwa makofi. Japani nako kulikuwa na kabati la kukunja nguo nyumbani likiitwa Laundroid, pesa zikamwagwa humo, mwaka 2019 kampuni ikafilisika. Hawa sio wajinga. Kitambaa ndicho kigumu.

Sasa ugumu wake uko wapi, hapo ndipo watu wengi wanapokosea na ndio maana nimekuja. Kijana akipewa kazi ya kutengeneza gripa ya kitambaa kitu cha kwanza anachofikiria ni nguvu, nitashika vipi kwa nguvu isianguke. Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Kitambaa cha tishati kina kama gramu 150 kwa mita mraba. Ukitaka kukiinua chote, yaani kila sehemu yake ivutwe juu sawasawa, unahitaji presha ya paskali moja na nusu. Moja na nusu! Hewa hii inayotukandamiza hapa usawa wa bahari ni paskali laki moja na ushee. Kwa hivyo unahitaji sehemu moja kati ya elfu sitini na zaidi ya kile ulichonacho bure hewani. Nguvu haijawahi kuwa shida ya kitambaa hata siku moja.

Shida ni kushika MOJA. Ziko hamsini zimelaliana, nataka ya juu peke yake, ya pili ibaki pale pale bila hata kusogea. Na nikishaibeba, shida ni kuiachilia ilale vile nilivyotaka. Gripa yoyote utakayobuni anza na hayo mawili, kuibandua na kuiachia, kushika kwenyewe kutakuja tu.

Ukitaka kujua kubandua ni nini nenda Biashara Street ukaketi karibu na wale mafundi wa cherehani wanaokata doti na kupinda leso. Usiangalie uso wa mzee, angalia vidole. Rundo liko kushoto kwake, hata haliangalii. Anaweka ncha ya kidole juu ya leso ya juu karibu na ukingo, anasukuma kidogo kuelekea ndani, kama sentimita moja hivi, kitambaa kinafanya kijimlima. Kile kijimlima ndio anakibana kwa gumba na shahada, anakitikisa mara moja kwa ukingo, hewa inaingia katikati ya ya kwanza na ya pili, halafu ndio anavuta. Kwa ubavu, havuti wima. Yote hayo hata sekunde haimalizi, na kama zimekuja mbili anajua kabla hajaona, vidole vinamwambia unene sio ule, anazisugua baina ya vidole moja inarudi chini.

Hapo kuna fizikia nyingi sana jamani. Kwanza kile kidole lazima kikwaruze kitambaa cha juu zaidi ya vile cha juu kinavyokwaruzana na cha chini, la sivyo zote mbili zinasogea au hakuna inayosogea. Ndio maana mwenye kuhesabu noti analowesha kidole, ndio maana benki wana kile kisponji. Pili, kusukuma ndani kunafanya kitambaa kivimbe, na kitu chembamba kikisukumwa kwa ubavu hakina njia ila kuvimba juu. Tatu, ule mtikiso, na huo vijana wengi wanausahau. Ukiinua shiti nzima kwa mara moja kutoka juu ya nyingine, hewa haijapata nafasi ya kuingia katikati, kwa hivyo presha kule kati inashuka na ya chini inafuata ya juu kama mkia. Lazima ufungue ukingo kwanza.

Mama zangu hapa wanalijua hili kuliko profesa, kwa sababu ya manda za sambusa. Ramadhani ikifika zile manda zimesukumwa pamoja, unga na mafuta katikati, zimepita kwa chuma, sasa wazibandua. Nani hapa anabandua manda kwa kuivuta juu katikati? Hakuna, itachanika. Waanza pembeni, wapata kijincha, warudisha nyuma taratibu na ile nyingine imelala. Sababu ni kwamba ukibandua kutoka ukingoni, wakati wowote ule unapambana na mstari mmoja tu, pale zinapoachana, haupambani na eneo zima. Nguvu inategemea upana wa ule mstari. Hiyo kanuni iandikeni ukutani kwenye karakana yenu: kitu chembamba kinabanduliwa, hakinyanyuliwi.

Sasa tuangalie gripa zenyewe zilizoko, na nitawaambia nayoipenda na nisiyoipenda, sitajifanya sina upande.

Ya kwanza ambayo kila mtu anaikimbilia ni vakyumu, vile vikombe vya mpira vya kufyonza. Kwa kioo, kwa boksi, kwa bati, safi sana. Kwa kitambaa ni mtihani, na mtihani wenyewe ni wa kuchekesha: nguvu iko nyingi kupita kiasi. Chukua kikombe cha kipenyo cha sentimita 3, eneo lake ni kama sentimita mraba 7, hata ukipata asilimia kumi tu ya vakyumu kamili hicho kikombe kimoja kinabeba kama gramu 700. Kipande cha mbele cha tishati hakifiki gramu 100. Kwa hivyo inabeba, lakini kitambaa kina matundu, hewa inapita ya kwanza inafika ya pili, inafyonza ya pili pia, saa zingine ya tatu. Halafu kwa sababu hewa inavuja kila saa kompresa haipumziki, na hewa ya kompresa ni umeme, na umeme wetu nyinyi wenyewe mwaujua bei yake. Ukilazimika kutumia vakyumu kwa kitambaa basi usitafute vakyumu kali, tafuta bloa, hewa nyingi presha ndogo, na vikombe vyenye mdomo mpana wenye wavu ili kitambaa kisiingie ndani kikaacha alama za duara. Nimeona nguo ya kitambaa cha kung'aa iliyobaki na miduara mpaka kwa pasi haitoki.

Wachapishaji ndio walioitumia vakyumu kwa akili, na zamani sana. Nendeni kwa wale wanaochapisha kadi za harusi na mashine ya Heidelberg ya kizamani, ile ya mikono miwili inayozunguka kama pangaboi. Pale kwa rundo la karatasi kuna vinywa vidogo vya kufyonza na pembeni kuna upepo unapulizwa kwa ukingo wa rundo. Ule upepo unafanya kazi ya mtikiso wa mzee wa Biashara Street. Upepo unatenganisha, mnyonyo unainua ukingo tu, mkono wa chuma unabana ule ukingo na kuondoka nao. Kila kitu na kazi yake. Wanaobuni gripa leo wanataka kitu kimoja kifanye yote, na mimi hapo ndipo ninapogombana nao.

Na fotokopi je? Hiyo iko kila mtaa. Roli ya mpira inasukuma karatasi ya juu, chini yake kuna kijipedi. Mpira unashika karatasi kuliko pedi, na pedi inashika karatasi kuliko karatasi inavyoshika karatasi mwenzake. Ngazi tatu za msuguano, basi, mbili zikija pamoja ya chini inazuiwa na pedi. Hakuna kamera hakuna kompyuta inayofikiri. Na mwenye fotokopi akiona zinaingia mbili mbili afanya nini? Apepea rundo, afuta roli na kitambaa chenye maji. Roli ikishika vumbi la karatasi inakuwa laini, ngazi zinavurugika. Huyo ni mhandisi wa gripa bila kujijua.

Tuje kwa sindano. Gripa ya sindano inakuja juu ya kitambaa, sindano ndogo zinachomoza kwa mshazari, nusu upande huu nusu upande ule, zinaingia kitambaani zikipishana kwa hivyo hakiwezi kuteleza. Unaseti urefu wa kuchomoza, na hapo ndipo siri ilipo, isizidi unene wa kitambaa kimoja. Jinzi nzito sawa, foronya ya sponji sawa, fulana nzito sawa. Leso ambayo unene wake ni sehemu ya milimita, hiyo sindano itafika jirani utake usitake. Hariri usijaribu kabisa. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa maabara hawezi kulijua ila aliyefanya kazi kiwandani. Kule kwenye viwanda vya nguo vya EPZ, zile kanda za kutengeneza bidhaa za kuuza nje, Changamwe na Mikindani huko, sindano ya cherehani ikivunjika kazi inasimama pale pale, kila kipande lazima kitafutwe mpaka kipatikane, kibandikwe kwenye rejista, na nguo zinapitishwa kwa mashine ya kugundua chuma, manake ncha ikibaki kwenye nguo ya mtoto ni balaa. Sasa wewe niletee gripa yenye sindano ishirini juu ya laini, supavaiza atakuangalia tu hivi.

Kuna zile za umeme, ambazo kwa maoni yangu ndizo tamu zaidi kwa kitambaa chepesi. Bamba laini, ndani yake kuna waya mbili bapa zimepishana kama meno ya vichana viwili, juu yake ngozi ya plastiki isiyopitisha umeme. Unaweka volti elfu moja mpaka elfu kadhaa, msishtuke, mkondo wenyewe ni mdogo sana kwa hivyo umeme unaoliwa ni kidogo, ila uheshimu, usishike na mikono mibichi. Kitambaa kinajibandika kwenye bamba, bila kutobolewa bila kufyonzwa. Wadenishi wawili, Johnsen na Rahbek, walilifanyia kazi jambo hili karne iliyopita, na hawa wa juzi wa kampuni ya Grabit ya Marekani wakaligeuza kuwa mashine ya kupanga vipande vya viatu, hata Nike wakaweka pesa zao. Uzuri wake ni kwamba nguvu yake ni ndogo na imetandaa eneo lote, na tumeshaona kitambaa hakitaki nguvu kubwa, chataka kidogo kila mahali.

Lakini sasa tuko Mombasa. Hewa yetu ni ya maji. Pamba yenyewe inapenda maji, hata kwenye maabara yenye hewa ya wastani inabeba kama asilimia 8 ya uzito wake ni maji, na polista haifiki hata nusu asilimia. Ukiileta pamba hapa pwani mwezi wa nne mvua zimeanza, imelewa maji, umeme unavuja, bamba lililokuwa linabeba vizuri kule kwenye chumba chenye AC linaanza kuangusha. Na polista inakufanyia kinyume chake, inashika chaji haitaki kuachia, umezima swichi na kitambaa bado kimening'inia pale. Dawa yake ni kugeuza geuza chanya na hasi kabla ya kuachia, na kupuliza hewa kidogo. Kwa hivyo ukisoma data ya mtu aliyefanya majaribio yake Ujerumani kwenye baridi kavu, usiichukue ukaileta hapa kama ilivyo. Pima hapa, dirisha likiwa wazi.

Nyingine nitapita haraka. Kuna gripa ya Bernoulli, jina la yule Mswisi aliyeandika kitabu chake mwaka 1738, inapuliza hewa kwa pembeni kwa kasi mpaka presha katikati inashuka na kitu kinaelea chini yake bila kuguswa. Kwa seli za sola ambazo ni nyembamba na zinavunjika ovyo, hiyo ndio yenyewe. Kitambaa chini yake kinapiga kelele kama bendera na kinateleza ubavu kwa sababu hakuna kinachokizuia, unalazimika kuweka vizuizi. Kuna ya kugandisha, unapuliza ukungu wa maji, bamba la baridi linagandisha yale maji na kitambaa kinashikana nalo, wamefanya Berlin na inafanya kazi. Hapa kwetu na unyevu huu hilo bamba litaota barafu lenyewe bila kuombwa. Kuna lile puto lililojazwa unga wa kahawa, 2010 watu wa vyuo vya Cornell na Chicago na kampuni ya iRobot, unalikandamiza juu ya kitu, unafyonza hewa linakuwa gumu limeshika. Yai linabeba, bisibisi linabeba. Kitambaa kilicholala meza haliwezi, hakina kitu cha kukumbatia.

Na mjusi kafiri, huyu wa ukutani kwenu. Mwaka 2000 wakina Kellar Autumn walipima unywele mmoja tu wa unyayo wa mjusi wa aina yake wakakuta unashika kwa nguvu ya ajabu, miaka miwili baadaye wakaonyesha sio gundi sio mnyonyo, ni ule mvutano mdogo sana wa molekuli kwa molekuli. Leo kuna gripa za mpira zilizotengenezwa kwa kumuiga, hazitaki hewa wala umeme, unakandamiza inashika, unainamisha inaachia. Kwa kioo cha simu na plastiki ya kufungia vitu nzuri sana. Kwa pamba yenye vinyuzi nyuzi haina pa kushika, na vumbi likijaa imekufa. Mjusi mwenyewe anajisafisha miguu akitembea, ile ya kwetu utaisafisha wewe kwa utepe wenye gundi.

Kuna mtu mmoja alikuja na wazo la ukorofi na mimi nampa heshima yake. Jonathan Zornow, Mmarekani, 2016, yeye akasema kama kitambaa ndicho kinacholegea basi mimi sibadilishi roboti nabadilisha kitambaa. Akakilowesha kwenye plastiki inayoyeyuka kwa maji, kikakauka kikawa kigumu kama kadi, roboti ya kawaida ya kiwandani ikakishika kwa vakyumu ya kawaida na kukipitisha kwa cherehani, tishati ikatoka, akaiosha, plastiki ikaondoka, nguo ikarudi laini. Ni ile ile akili ya kontena, kitengeneze kitu kishikike. Tatizo ni yale maji. Mji huu watu wananunua maji kwa mikokoteni, uniambie nilowanishe na kuosha kila kipande? Labda kwa kola na mifuko tu, vipande vidogo. Hapo naona njia.

Sasa turudi kiwandani kidogo kwa sababu rundo la vitambaa vya kiwandani sio rundo la leso dukani. Kitambaa kinatandazwa kwenye meza ndefu safu juu ya safu, kisu cha umeme kinapita kinakata zote kwa pamoja. Kile kisu kinapata moto, na kama ni polista kingo zinayeyuka kidogo na kushikana, ukiangalia kwa pembeni waona ukuta mmoja. Hata pamba, nyuzi za ukingo zinaingiliana. Na kitambaa cha fulana ukishakikata kingo zake zinajikunja zenyewe. Kwa hivyo pale pale ambapo gripa inataka kuanzia, ukingoni, ndipo pamekuwa pabaya zaidi. Ndio maana helpa, yule msaidizi wa mshonaji, akipewa bandeli la vipande kitu cha kwanza analipindapinda na kulipepea kabla hajaanza kutoa moja moja. Basi na mashine yako ifanye hivyo! Ipinde rundo kabla ya kugusa. Ni mota moja na ubao wenye mgongo wa mviringo, rundo likilala juu ya mgongo kila safu inasogea kidogo kuliko ya chini yake na kingo zinaachana. Nimeona miradi ya wanafunzi yenye kamera ya bei mbaya na programu ya kujifunza yenyewe, na hakuna aliyefikiria kupinda rundo.

Halafu lazima mashine ijue imebeba ngapi. Hapa usihangaike na kamera vilevile, kamera ya juu inaona kitambaa cha juu tu, cha chini kimejificha. Pima uzito. Kipande kimoja ni gramu 60, viwili pamoja ni gramu 120, hata sensa ya mzani wa jikoni inatofautisha, unaunganisha na Arduino, kile kijibodi cha elektroniki cha kusoma sensa, umemaliza. Au taa upande huu na sensa upande ule, mwanga unaopita mbili ni mdogo. Ikiwa mbili, irudishe, itikise, ijaribu tena. Mashine inayojua imekosea yafaa zaidi ya mashine inayojidai haikosei.

Kuachia. Watu wanafikiria ukifungua gripa kitu kitaanguka sawa. Kitambaa hakianguki sawa, kinaelea, kinajikunja kona. Unatanguliza ukingo mmoja uguse meza, uusubiri ushike, ndio unarudi nyuma taratibu ukilaza kilichobaki kwa kasi ile ile unayorudi nayo. Ukienda haraka kinavutika, ukienda polepole kinajaa mawimbi. Roboti yoyote ya bei rahisi inaweza hiyo kama umeipanga, na bado hili ndilo ninaloona limesahaulika kuliko yote.

(Hapa dada mmoja wa viti vya kati akanikatiza, akaniuliza waziwazi, sasa haya mnayoyabuni si ndio yatatutoa kazini sisi tunaoshona?)

Dada yangu nakujibu bila kuzunguka. Kushona nguo nzima kwa roboti, watu kama SoftWear Automation kule Atlanta wako kwenye hilo tangu 2012, na mpaka leo nguo uliyovaa hapo ilishonwa na mtu. Itachukua muda kwa sababu hizi hizi nilizozieleza. Lakini kazi ya kutoa kipande kwenye rundo na kukiweka mbele ya operata, hiyo ya helpa, itaguswa kwanza, na helpa ndiye anayelipwa kidogo na ndiye asiye na mtu wa kumsemea. Mimi maoni yangu ni kwamba atakayetengeneza na kurekebisha hizi gripa awe ni huyo huyo helpa aliyezijua bandeli kwa vidole vyake, na kiwanda kimfundishe kabla mashine haijaingia getini. Nawaambia pia wenye viwanda waliokaa hapa mbele, msiagize mkono kutoka nje kabla hamjamuuliza anayeshika kitambaa kila siku. Mtaletewa vakyumu.

Haya, maneno yametosha, kuna kazi. Kwenye zile meza mna leso, kitambaa cha fulana, polista ya lainingi na nailoni. Kila kundi lina rundo la vipande ishirini, roli ya fotokopi iliyotolewa kwa mashine mbovu, bloa ya kompyuta, mzani, na sindano sikuwapa makusudi. Nataka mtoe zote ishirini moja moja, mziweke upande wa pili zikiwa zimenyooka, na kila mkibeba mbili mwandike ni kitambaa gani na ilikuwa ya ngapi kutoka juu. Dirisha msifunge. Kundi la polista anzeni nyinyi, mna kazi kubwa.